Antena ya Mtu Asiyepanda Paa

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itawakuta nyote mko salama, wewe, shemeji na wapwa zangu. Kikohozi cha shemeji kimekwisha, au bado anakitibu kwa kukikana? Hapa kwetu hatujambo. Wifi yako anakusalimu sana, na ameniagiza nikuambie kwamba lile blanketi ulilolisahau hospitali liko salama. Limefuliwa, limekunjwa, na hana mpango wowote wa kulirudisha.

Najua unachokitafuta kwanza ni habari za mguu, basi nianze nazo. Plasta ilikatwa wiki tano zilizopita. Mguu ulipotoka humo ndani sikuutambua, umekonda na kuwa na magamba, nikamwuliza daktari kama hawajanibadilishia. Alisema mfupa umeunga vizuri, umenyooka, na kwamba nina bahati kuliko akili. Sasa nimeacha magongo mawili, natumia moja, na ndani ya nyumba silitumii kabisa isipokuwa wageni wakija. Mbavu haziniumi tena ila nikicheka, na wifi yako amelijua hilo, basi hanipi nafasi.

Nakuandikia hasa kwa sababu kuna jambo, lakini siwezi kulifikia bila kupitia kwenye redio, kwa hiyo nivumilie. Najua unavyoziona redio zangu. Ulishasema ni ugonjwa, na kwamba mtu mzima anayekaa kuita watu asiowajua hewani angeanza na kuwapigia simu ndugu zake. Kweli tupu. Lakini miezi ile mitatu ya kulala chali, redio ndiyo iliyonizuia nisianze kugombana na ukuta. Sisi watu wa redio ya ridhaa hatulipwi, hatutangazi chochote. Kila mmoja ana leseni yake na alama yake ya wito, anaita, na popote duniani mwenzake akimsikia anamjibu. Wanajuliana hali, wanaambiana wamesikika vipi, basi.

Shida yangu ilikuwa antena: kusikiliza niliweza hata kitandani, lakini kuita sikuweza. Zamani nilifunga waya mrefu juu ya paa letu hadi kwenye tangi la jirani. Waya ule ulikatika nikiwa hospitali, na kuurudisha maana yake ni kupanda. Daktari alikataza kupanda. Wifi yako hakukataza, yeye aliichukua ngazi akaipeleka nyumbani kwa rafiki yake ambaye mpaka leo sijaambiwa ni nani. Ikabidi nifikirie antena ambayo mtu anaweza kuitengeneza akiwa kitini, akaisimamisha akiwa na magongo.

Nilianzia kwenye korido. Wifi yako alishika ncha ya waya, mimi nikavuta futi kamba hadi mlango wa jikoni. Unajua kila masafa ya redio yanataka waya wa urefu wake, kama vile kila mtu anavyotaka suruali ya urefu wake. Watu wengi hutengeneza antena tatu. Mimi nilitengeneza moja, nikaikata vipandevipande. Kutoka katikati kwenda kila upande, kipande cha kwanza kinaishia mita mbili na nusu, cha pili kinafika mita tano, cha tatu mita kumi, na kila mahali palipokatwa nikaweka kibanio kidogo cha chuma, kile chenye meno. Ukifunga vibanio vyote unapata waya mrefu wa kuzungumza na majirani wa nchi za karibu. Ukifungua vile vya nje, unapata waya wa kwenda mbali wakati wa mchana. Ukifungua na vya ndani, unapata ule mfupi kabisa, ambao jua likiwa na nguvu hukufikisha mahali ambapo hata ramani ya ukutani haikuonyeshi. Pale katikati panahitaji kipande cha plastiki kigumu cha kushikilia pande mbili, na plastiki ngumu kuliko zote nyumbani ilikuwa kibao cha jikoni cha kukatia vitunguu. Nilikata pembe moja tu. Kesi hiyo ilisikilizwa siku hiyohiyo na sikuwa na wakili.

Mlingoti ulitoka kwa jirani yetu kinyozi. Alikuwa na fimbo ya kuvulia samaki, ile inayoingia ndani kwa ndani, ukiivuta yote inafika mita saba. Aliinunua wakati mmoja alipoamua kuwa mvuvi, akaenda mara mbili, akarudi na mafua. Alinipa bila kuniuliza ya nini. Ukishaisimamisha fimbo unaning'iniza katikati ya waya nchani, pande zake zinateremka kushoto na kulia, unazifunga kwa uzi kwenye vigingi viwili, kwisha. Ukimaliza unauzungusha waya wote kwenye kipande cha ubao, antena nzima inaingia kwenye mfuko wa sokoni.

Jumapili ya kwanza baada ya plasta kukatwa nikaubeba mfuko wangu, na redio ikining'inia begani, hadi kwenye ule uwanja ulio nyuma ya nyumba zetu, palipokuwa maegesho ya malori. Kutengeneza nilikuwa nimeweza. Kusimamisha ndiko kulikonishinda. Mwenye magongo mawili hana mkono wa tatu. Nikishika fimbo siwezi kufunga uzi, nikifunga uzi fimbo inajikusanya yenyewe, vipande vinadondoka kimoja ndani ya kingine mpaka inabaki kama mwavuli. Mara ya nne nilikaa chini kwenye vumbi nikaanza kuitukana, na ndipo nikasikia mtu nyuma yangu ananiuliza kama hiyo ni ya samaki au ya ndege.

Alikuwa Pimamaji. Najua umekunja uso.

Ni msimamizi wangu wa miaka tisa, yule mzee mfupi ambaye wafanyakazi wote tunamwita hivyo kwa sababu kipimamaji, kile kifaa cha kupimia unyoofu, hakitoki kwenye mfuko wake wa nyuma. Ndiye uliyemwambia, wodi nzima ikisikia, kwamba anawatuma vijana wa watu wakafe juu ya mabati huku yeye amekaa kivulini, na kwamba asikukaribie tena. Siku ile aliweka mfuko wake wa machungwa sakafuni akatoka. Tangu wiki ile alikuwa amesimamishwa kazi. Karatasi za ofisi zilisema alinituma kwenye paa la ghala jipya saa ya chakula, nikaangalie bati lililolegea, na kwamba kamba ya usalama aliyonipa haikufika pembeni. Miaka thelathini na mmoja kazini, na hakuna mtu aliyewahi kuanguka mikononi mwake isipokuwa mimi.

Hakunisalimia kwa maneno mengi. Aliitazama ile fimbo, akainyanyua, akaivuta kipande kimoja kimoja huku akikizungusha kila kimoja kidogo ili kikaze. Nilikuwa sijui kwamba zinazungushwa. Akaifunga kwenye nguzo ya chuma iliyobaki pale tangu enzi za malori, akatoa kipimamaji chake akakiweka ubavuni mwa fimbo, akarudi nyuma, akaisogeza tena unywele mmoja. Kisha akataka kujua kwa nini waya wa watu umekatwakatwa. Nikamweleza. Alielewa haraka kuliko nilivyoelewa mimi nilipoanza, akashauri kila jozi ya vibanio niifunge uzi wa rangi yake, nisije nikafungua cha kulia na kusahau cha kushoto. Tulifanya kazi karibu saa nzima kama tunavyofanya siku zote, yeye akinionyesha kwa kidevu, mimi nikifuata. Kwa muda huo nilisahau kila kitu.

Wifi yako alileta chai, akaturudishia faragha yetu. Ndipo Pimamaji akasema kilichomleta. Alisema hakuja kugombana. Kamati ya ofisi inayosikiliza kesi yake inakaa Alhamisi, na kabla haijakaa alitaka kuniona macho kwa macho. Alisema ameipekua kichwani siku ile tangu asubuhi mpaka ajali, na haoni mahali alipoinua mdomo akanituma juu. Anajua kichwa kikigonga chini kinaweza kuchanganya mambo, kwa hiyo haniiti mwongo. Ila aliniomba nijaribu tena kukumbuka.

"Ukikumbuka kweli kwamba nilikutuma, nitakubali," alisema. "Mimi nataka kujua tu. Nimeanza kujishuku."

Akaniambia nyumbani amefikia kumwuliza mke wake kama anamwona anasahausahau. Baba yake alianza hivyohivyo katika umri huu, na aliishia kutowajua watoto wake. Siku hizi akifunga mlango anarudi kuushika tena, mara mbili, mara tatu.

Nilimjibu kwamba kichwa bado kinaniuma, nitajaribu. Dada, alinishukuru. Alinipa mkono, akaniambia nipone haraka, akaondoka zake akipita kandokando ya ukuta.

Sikuweza kuingia ndani nikamtazame wifi yako usoni, kwa hiyo nikawasha redio. Nilifungua vibanio vya nje, nikaita. Nilitaka tu kusikia sauti ya mtu asiyenijua. Akanijibu mama mmoja, yuko nchi ya tatu kutoka hapa, mstaafu, zamani alikuwa akiunganisha watu kwenye kituo cha simu. Sauti yake ilikuwa inapanda na kushuka kama mtu anayezungumza akiwa kwenye bembea. Akaniambia ananisikia vizuri, akauliza natumia antena gani. Nikamwambia waya wenye vibanio juu ya fimbo ya samaki, mita saba. Akasifu, halafu akauliza, kwa utani, kwani huko kwetu nyumba hazina paa? Nikamwambia paa liko, ila nilivunjika mguu. Akauliza nilivunjikaje.

Swali hilo nilikuwa nimeulizwa na watu wengi, na wote nilikuwa na jibu lao. Siku ile nililiacha jibu hilo. Nilibonyeza kitufe nikamwambia ukweli, na sasa nakuambia na wewe kama nilivyomwambia yeye.

Hakuna aliyenituma juu. Wenzangu walikuwa wanakula, Pimamaji alikuwa ameenda ofisini kupokea misumari. Mimi nilikuwa na redio yangu ndogo kwenye mfuko wa vifaa, kama siku nyingi nilivyokuwa nayo bila yeye kujua. Paa la lile ghala lilikuwa juu kuliko majengo yote ya pale, na kwa wiki nzima nilikuwa nikilitamani. Nilitaka kufunga waya kutoka kwenye kilele hadi mnara wa tangi, nisikilize kwa nusu saa nitafika wapi, kisha niufungue kabla hawajamaliza kula. Kamba ya usalama haikufika pembeni. Niliifungua kwa mkono wangu mwenyewe. Nikakanyaga bati ambalo lilikuwa bado halijapigwa misumari, na ni mimi niliyeliacha hivyo asubuhi.

Yale mengine uliyaona. Yule bwana wa ofisini alipokuja kitandani kwangu akauliza ni nani aliyenituma, nilifungua mdomo, na wallahi sijui ningesema nini. Wewe ukanitangulia, ukasema ni nani mwingine kama si msimamizi wake. Nami nikatikisa kichwa kukubali. Tafadhali nielewe, sikutupii mzigo. Wewe uliyemwona mdogo wako amefungwa bandeji hadi kidevuni ulisema kile ambacho dada yeyote angesema. Aliyejua ni mimi. Na wiki moja baadaye waliponiletea maneno yale yamepigwa chapa, kichwa changu kikiwa kizima kabisa, nilitia sahihi. Niliogopa kufukuzwa, niliogopa matibabu kukatwa, niliogopa kuchekwa kwamba nimevunjika kwa sababu ya mchezo. Na baada ya wewe kumfokea yule mzee mbele za watu, nikakuogopa na wewe.

Nilipoachia kitufe ulikuja mvumo mtupu. Nikadhani masafa yamefunga, amenipotea. Kisha sauti yake ikarudi, safari hii imetulia. Alisema amenipata vizuri, neno kwa neno. Akauliza huyo msimamizi naye nimemwambia? Nikasema bado. Akasema, "Basi mwanangu, umeita kituo kisicho chako." Akanitakia kupona, akasema ananiachia hewa nikamwite anayehusika, akafunga.

Nilipogeuka, wifi yako alikuwa nyuma yangu na beseni la nguo. Sijui alikuwa amesimama pale tangu lini, lakini uso wake ulinionyesha kwamba hakukosa kitu. Nilisubiri anifokee. Aliliweka beseni chini, akaingia ndani, akatoka na kiatu changu cha kushoto, ambacho kilikuwa hakijavaliwa tangu siku ya ajali. Akapiga magoti akanivisha, akafunga kamba. Alichoniuliza ni kimoja tu, nyumbani kwa yule mzee ni wapi.

Tulimkuta uani akipiga randa mlango. Mke wake baadaye alimwambia wifi yako kwamba katika miezi ile mlango ule alikuwa ameshaupiga randa mara tatu, na hakuna mlango nyumbani kwao unaolia tena. Nilimweleza nikiwa nimesimama juu ya magongo, maana nilijua nikikaribishwa kiti nitaanza kuzungukazunguka. Nilimaliza. Akiwa bado ameshika randa mkononi, akaniuliza kitu ambacho sikukitarajia hata kidogo.

"Kwa hiyo sisahau?"

Nikamwambia, hapana mzee, husahau. Hukunituma.

Akaketi kwenye ngazi ya mlango, akafunika uso kwa mikono yote miwili, akalia. Mke wake akatoka mbio akidhani tumeleta msiba. Akamshika mkono mke wake, akamwambia, "Sisahau. Sikumtuma." Akarudia tena. Yule mama akakaa chini pembeni yake, palepale kwenye maranda.

Baada ya kitambo aliniinulia macho, akaniambia niondoke, kwamba siku ile hataki kuniona. Nikaondoka. Utashangaa, dada, lakini nilirudi nyumbani nikalala kutoka saa kumi na mbili jioni mpaka asubuhi, na wifi yako alinizibia dirisha jua lisiniamshe.

Jumatatu nilikwenda ofisini nikaandika maelezo mapya kwa mkono wangu. Alhamisi kamati ilikaa. Pimamaji alirudishwa kazini kuanzia kesho yake, na barua ya kumsafisha ikabandikwa ubaoni, kila mtu akaisoma. Mimi nilipewa onyo la mwisho, na nimeondolewa juu ya paa moja kwa moja. Kazi yangu sasa ni kwenye karakana, nakunja mifereji ya maji na kukata mabati ya pembeni. Matibabu hawakuyakata. Mama mmoja wa ofisini anayeshughulikia usalama alisema mbele ya kamati kwamba kamba ilikuwa fupi kweli, na ofisi nayo ijitazame. Wamenunua kamba mpya. Sikutegemea kutoka na nusu ya haya.

Nilianza kazi Jumatatu iliyopita. Siku mbili za kwanza Pimamaji alinisalimia kama anavyowasalimia wengine, akanipa vipimo, akapita. Siku ya tatu, wenzetu wakiwa wanakula, alikuja akasimama mbele ya meza yangu. Alisema hasira yake haijaisha, itaisha yenyewe, nisiisukume. Kisha akauliza kama ile fimbo nimeileta. Nilikuwa nimeileta. Tukaisimamisha nyuma ya karakana, juu ya ardhi, yeye akiishika. Wenzetu wakatuzunguka na sahani zao. Tulimpata mtu mmoja anayefuga nyuki milimani, akatueleza habari za mvua huko kwao, na Pimamaji akanikatiza kila mara kunitaka nimwulize yule bwana mapaa yao wanayaezeka kwa kitu gani.

Sasa kuhusu yale maneno ya wodini. Nilimwambia kwamba uliyasema kwa sababu ya uwongo wangu. Akasema hana kinyongo na wewe, na kwamba angekuwa na dada wa kumpigania hivyo, mambo yake mengi yangeenda tofauti. Lakini mke wake ndiye aliyeumia. Aliyasikia kwa watu, yakiwa yametiwa chumvi, na mpaka leo hajayameza. Kwa hiyo, dada, nakuomba umwandikie yeye, usimwandikie mzee. Anwani yao nimeiandika nyuma ya bahasha. Mwambie nilikudanganya. Usinifiche wala usinitetee.

Mama bado hajui. Nitakwenda mwenyewe mwezi ujao nimweleze, nikikaa mbele yake, kwa hiyo nakusihi usinitangulie, ingawa najua ulimi utakuwasha. Yeye ni wa kuambiwa na mimi.

Ukitaka kukasirika, kasirika. Umenilea, unayo haki, nami sitajitetea. Ila usininyamazie. Nimekaa na kimya changu miezi mitatu, na nimejua kinavyokula mtu. Hata ukiniandikia mistari miwili ya matusi nitaifurahia, nami nitakujibu siku hiyohiyo.

Nisalimie shemeji, na wapwa zangu uwaambie mjomba wao anatembea. Wifi yako ananiita nikale, na kwa mara ya kwanza tangu nitoke hospitali nina njaa ya kweli.

Ni mimi mdogo wako,
fundi wa mifereji